Mnataka kuanzisha bendi ya roki? Anzeni na masikio

Leo tunaacha kidogo mada tulizozoea, tunaongea muziki. Lakini usifunge ukurasa ukidhani hakuna cha afya humu. Kipo, tena kinakuhusu.

Ilikuwa Ijumaa mchana, katika shule moja ya sekondari wilayani Karagwe. Nilikuwa nimemaliza kipindi, nafunga mkoba wangu niwahi gari la kwenda Nkwenda. Wavulana watatu na msichana mmoja wakanifuata hadi mlangoni. Msichana ndiye aliyetumwa kusema.

"Shikamoo dada. Sisi tuna bendi. Yaani bado, ila tunataka kuianzisha. Tuna gitaa moja, ngoma tunaazima za kwaya. Tunataka kupiga roki. Sasa wenzetu wanatucheka, wanasema huo ni muziki wa Wazungu na wahuni. Dada, wewe unasemaje?"

Gari lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikawaambia nitawajibu vizuri. Jibu ndilo hili, na nimeliandika hapa kwa sababu najua vijana wenye swali kama lao wapo wengi, Kayanga, Omurushaka, Isingiro hadi Murongo.

JE, ROKI NI MUZIKI WA WAZUNGU?

Hapana. Ukweli ni kwamba roki ilizaliwa Marekani, na wazazi wake wakubwa ni Wamarekani weusi, watu ambao mababu zao walichukuliwa Afrika kwa nguvu wakauzwa utumwani. Walikuwa na nyimbo zao za majonzi zinazoitwa bluzi, na nyimbo zao za injili za kupiga makofi. Gitaa lilipounganishwa na umeme, nyimbo hizo zikapata nguvu mpya.

Mmoja wa watangulizi alikuwa mwanamke, Sister Rosetta Tharpe. Huyu mama alikuwa mwimbaji wa injili na alilipiga gitaa la umeme si mchezo. Mwaka 1955 Chuck Berry akatoa "Maybellene", na mwaka huo huo Little Richard akatoa "Tutti Frutti". Vijana wa Uingereza, wakiwemo Beatles na Rolling Stones, walijifunza kwa kusikiliza santuri za watu kama hao. Kwa hiyo, mshikaji akikwambia unaiga Wazungu, mwambie Wazungu wenyewe walianza kwa kuwasikiliza watu weusi.

Hapo pia kuna somo la kwanza. Beatles hawakuzaliwa na mtindo wao. Waliketi, wakasikiliza, wakapiga nyimbo za wengine usiku baada ya usiku, ndipo wakatunga zao. Bendi yoyote huanzia masikioni.

VIJANA WA DAR ES SALAAM WALIFANYAJE?

Tusiende mbali. Mwaka 1970 vijana wa Dar es Salaam walianzisha bendi iliyoitwa Sunburst. Mwimbaji wao alikuwa James Mpungo, na mmoja wa wapiga gitaa aliitwa Hembi Flory Kongo. Walikuwa na shida inayofanana na ya wale wanafunzi wa Karagwe, tena kubwa zaidi. Novemba 1969, mwaka mmoja tu nyuma, uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule ulijumuisha Dar es Salaam, ulikuwa umepiga marufuku muziki wa soul. Sababu ilikuwa ile ile: utamaduni wa kigeni, unaharibu vijana.

Sasa kijana anayependa gitaa la umeme angefanyaje? Sunburst hawakuacha gitaa, wala hawakubaki kuiga. Walichanganya. Walichukua roki na soul waliyoipenda, wakatia midundo ya Kiafrika na maneno ya Kiswahili. Mtindo wao wakauita Kitoto. Mwaka 1976 ikatoka santuri yao ndefu, "Ave Africa", waliyoirekodi Zambia. Haikupita muda mrefu bendi ikavunjika, watu wakawasahau. Lakini mwaka 2016, miaka arobaini baadaye, kampuni ya Strut ya Uingereza ikazitoa upya rekodi zao, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wakaanza kuwasikiliza.

Umeona neno hilo "mtindo"? Wanamuziki wetu wa dansi walilithamini sana. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa na jina. Mlimani Park walikuwa na Sikinde. Afro 70, bendi ya Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, Dodoma, walikuwa na Afrosa, na ndio walioiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977. Ukisikia sekunde chache tu redioni, ulijua ni nani anapiga. Bendi bila mtindo ni kama mtu asiye na sura.

MTINDO WENU UKO WAPI?

Hapa ndipo vijana wengi wanakwama. Wanatafuta mtindo kwenye simu, kumbe mwingine umelala nyumbani kwa babu.

Chukua enanga. Ni ala ya nyuzi ya kwetu huku Kagera, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, Uganda, wanayo pia. Ni gogo lililochongwa mfano wa kihori, halafu kamba moja ndefu inazungushwa kwenda na kurudi toka ncha hadi ncha, hadi zipatikane nyuzi saba au nane. Speke na Grant, Waingereza waliofika Bweranyange kwa Mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, waliandika habari za ala za muziki walizozikuta Karagwe. Na Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwachunguza kwa miaka mingi mafundi wa enanga wa Buhaya wanaosimulia habari za wafalme na mashujaa.

Sikiliza fundi wa enanga anavyofanya. Anapiga kipande kifupi, anakirudia, anakirudia tena. Juu yake anasimulia, mara anaimba, mara anasema kama anayeongea na wewe. Halafu sikiliza nyimbo za zamani za roki. Gitaa linapiga kipande kifupi, linakirudia, na mwimbaji anasimulia juu yake. Unaona zinavyofanana? Mpiga gitaa wa Karagwe anayejua vipande vya enanga ana hazina ambayo mwenzake wa London hana.

Unadhani watu hawatasikiliza kwa sababu ni ya nyumbani? Mkumbuke Saida Karoli, dada wa hapa hapa Kagera, kutoka Bukoba Vijijini. Mwaka 2001 alitoka na albamu "Maria Salome" akiimba kwa Kihaya, na watu wa Mtwara na Tanga ambao hawakuelewa neno hata moja wakacheza. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia wimbo huo kwa namna yao, wakauita "Salome". Saida hakupiga roki, lakini ametuonyesha kwamba muziki wa Kagera unaweza kusafiri bila kuvuliwa nguo zake.

Basi jaribuni zoezi hili. Kila mmoja kwenye bendi alete sauti tatu: wimbo mmoja wa nje anaoupenda, wimbo mmoja wa dansi au wa kizazi kipya, na wimbo mmoja wa nyumbani, uwe wa harusi, wa kubembeleza mtoto au wa kuvuna. Sikilizeni zote. Halafu jiulizeni: tunapenda nini hasa humu? Mdundo? Maneno? Namna besi inavyotembea? Chagueni vitu viwili tu, mvichanganye. Kikiwa kibaya, tupeni, mjaribu vingine. Na mkienda kwa mzee anayepiga enanga, nendeni kwa adabu, muombe kufundishwa, na siku mkipata jukwaa mtajeni jina.

LENGO LENU NI NINI?

"Kuwa mastaa" si lengo la kuanzia. Lengo ni kitu unachoweza kukifanya na kukipima. Kwa mfano: kufikia mwisho wa muhula tuwe na nyimbo tatu tulizotunga wenyewe. Au: kila wimbo wetu uelezee jambo moja linalotokea hapa kwetu, kama bei ya kahawa, rafiki aliyeacha shule kwa mimba, au kaka aliyekwenda mjini asirudi. Au: tupige kwenye mahafali bila kusimama katikati ya wimbo.

Andikeni lengo kwenye daftari. Andikeni pia nani anatunza gitaa, nani anatunza pesa, na mazoezi ni siku gani ili yasigongane na masomo. Bendi nyingi hufa kwa ugomvi wa mambo haya madogo kabla hata hazijapanda jukwaani.

Lakini kuna bendi zilizokufa kwa sababu nyingine, nayo inatuhusu sana sisi watu wa Kagera.

HABARI YA BENDI YA WITCH

Miaka hiyo hiyo ya Sunburst, Zambia ilikuwa inawaka moto kwa roki. Muziki wao unaitwa Zamrock. Bendi iliyovuma kuliko zote ilikuwa WITCH. Jina hilo ni kifupi cha maneno yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu", lakini vurugu yenyewe ilikuwa ya magitaa tu. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari, akifananishwa na Mick Jagger wa Rolling Stones. Walijaza kumbi.

Halafu likaja janga. Miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI uliwamaliza wanamuziki wengi wa Zamrock. Wenzake Jagari wa kikosi kile cha kwanza walikufa karibu wote, na yeye akabaki. Aliacha muziki kwa miaka mingi, akawa anachimba vito ardhini. Baadaye santuri zao za zamani ziligunduliwa na wasikilizaji wa Ulaya na Marekani, akaitwa tena jukwaani. Mwaka 2023 WITCH ilitoa albamu mpya, "Zango", ya kwanza baada ya karibu miaka arobaini. Jagari anaimba, lakini wapigaji wengi nyuma yake ni vijana kutoka nchi nyingine. Wale aliotunga nao ujanani hawapo.

Fikiria hilo kidogo. Mtindo wa bendi haukai kwenye gitaa, unakaa kwenye vidole na vichwa vya watu. Mpiga besi akifa, na namna yake ya kupiga imekwenda.

Sisi Kagera tunaielewa habari hii. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983. Wazee wetu waliuita Juliana. Muulize bibi yako ni mafundi wangapi wa ngoma na wa enanga walizikwa miaka ile kabla hawajamfundisha mtu.

Wakati wa Jagari na wenzake, dawa hazikuwepo. Wewe una bahati ambayo wao hawakuipata. Dawa za kupunguza makali zimekuwa zikitolewa bure Tanzania tangu mwaka 2004. Mtu anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo anaishi miaka mingi, na hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila kusubiri ruhusa ya mzazi. Kwa hiyo, gitaa halina kosa. Hatari iko kwenye safari za usiku, pombe za bure za mashabiki, na ngono bila kinga. Kuahirisha ngono inawezekana, na wala haikupunguzii kipaji. Na anayekwambia "nitakupandisha jukwaani ukikubali kulala na mimi" hakuthamini wala muziki wako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, mapema.

SASA TURUDI KWENYE MASIKIO

Nikuambie lililonipata mimi. Nikiwa chuo nilikwenda kwenye onyesho kwenye ukumbi mmoja, nikasimama usiku kucha mbele ya spika, nafurahi kichizi. Asubuhi masikio yalikuwa yanalia "nziii" kama kuna mbu ndani. Yalilia siku mbili. Nilidhani ni uchovu. Kumbe ilikuwa ni onyo.

Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kidogo mfano wa konokono. Humo zimo chembe hai zenye vinywele vidogo sana. Sauti ikiingia, vinywele hivyo vinatikisika na kupeleka habari kwenye ubongo. Sauti ikiwa kubwa mno, vinainama kama mihogo iliyopigwa na mvua ya mawe. Ikiwa ni mara moja, vingine huinuka tena. Ikiwa ni kila wiki, chembe zinakufa, na zikifa haziota tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Ukali wa sauti unapimwa kwa desibeli. Shirika la Afya Duniani linashauri hivi:

- Desibeli 80: usizidishe saa 40 kwa wiki.
- Desibeli 90: usizidishe saa 4 kwa wiki.
- Desibeli 100: dakika kama 20 tu kwa wiki nzima!

Umeona jinsi muda unavyopungua haraka? Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili, na muda salama unabaki nusu. Bendi ya roki yenye dramu na spika kubwa hufika desibeli 100 bila shida, hasa kwenye chumba kidogo cha mabati. Shirika hilo linasema zaidi ya vijana bilioni moja duniani wako kwenye hatari ya kuharibu masikio kwa namna hii, wengi wao kwa visikilizio vya simu.

Haliwapati wanafunzi peke yao. Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who ya Uingereza, ameeleza wazi kwa miaka mingi jinsi masikio yake yalivyoharibika na kelele zisizoisha anazozisikia ndani.

Mfanye nini?

1. Punguzeni sauti wakati wa mazoezi. Kama inabidi mpige kelele ndipo msikilizane mkiwa umbali wa mkono mmoja, muziki umezidi. Mkijifunza kupiga pamoja kwa sauti ndogo, mtasikia makosa yenu vizuri zaidi.

2. Msisimame mbele ya spika. Sogeeni. Mahali pa wazi, umbali ukiwa mara mbili, sauti inapungua sana.

3. Pigeni dakika arobaini, pumzikeni kumi nje. Masikio nayo yanachoka.

4. Tumieni vizibo vya masikio vya sponji, hasa mpiga dramu. Ulizeni kwenye maduka makubwa ya dawa au ya vifaa vya kazi. Pamba haisaidii vya kutosha, msijidanganye.

5. Masikio yakilia baada ya mazoezi, yapumzisheni hadi yatulie. Yakiendelea kulia, au ukigundua husikii vizuri darasani, nenda kituo cha afya. Usione aibu.

6. Usichokonoe sikio kwa njiti ya kiberiti wala kalamu.

Na jambo moja la umeme: msishike waya wa gitaa au maiki kwa mikono iliyolowa, na waya uliochunika asiufunge mtu kwa nailoni. Muiteni fundi.

Kwa hiyo, wadogo zangu wa mlangoni, jibu langu ni hili. Pigeni roki. Si ya Wazungu, na uhuni haukai kwenye muziki, unakaa kwenye tabia ya mtu. Ila kabla hamjaongeza sauti ya spika, nendeni mkamsikilize mzee mmoja wa enanga jioni moja. Halafu siku nikipita tena shuleni kwenu, nataka wimbo mmoja mliotunga wenyewe. Nitakuja na vizibo vyangu mfukoni.

JADILINI NA WENZENU

- Je, ni haki kumwita mtu mhuni kwa sababu ya muziki anaopenda? Sunburst wangeacha walipokatazwa soul, tungepoteza nini?
- Nani kijijini kwenu bado anapiga enanga au ngoma za zamani? Nani anajifunza kwake?
- Mngekuwa na bendi leo, mtindo wenu mngeuita jina gani, na kwa nini?